Siagi ya karanga kwenda Dar: safari ya kutafuta alama ya ubora msimu wa Sabasaba

Nimeandika haya baada ya kurudi Morogoro, kutoka kwenye daftari la matumizi na picha za simu. Wengi mliniuliza namna ya kufuatilia alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), nami nikaahidi kuleta kila kitu, pamoja na mazungumzo ya kwenye treni ambayo mpaka leo hayajanitoka.

Ijumaa, 4 Julai 2025. Morogoro hadi Dar

Treni ya asubuhi ilijaa mpaka siti ya mwisho. Maonyesho ya biashara ya Sabasaba yalikuwa yameanza tangu tarehe 28 Juni, na karibu kila aliyekaa behewa letu alikuwa na boksi, begi la sampuli au furushi la batiki. Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 13,000. Nilikuwa na binti wa dada yangu, ambaye ndiye mkono wangu wa kulia katika kuchambua na kufungasha. Tulibeba faili moja (TIN, yaani namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, usajili wa jina kutoka BRELA, barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo) na ndoo yenye karanga nilizozichota kwenye magunia ya msimu huu. Nilitaka zipimwe kwa fedha yangu mwenyewe ili nijue nimesimama wapi kabla mkaguzi hajaja.

Mwenye duka moja kubwa la Dar ameipenda siagi yangu ya karanga, lakini alinieleza bila kuzunguka: bila alama ya ubora, haipandi kwenye rafu yake. Ndiyo maana ya safari yote.

Baada ya Ngerengere kaka mmoja aliyekaa ng'ambo ya njia aliitazama ndoo akauliza, "Samahani dada, hizo karanga zimepimwa sumukuvu?"

Sumukuvu, yaani aflatoksini, ni sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye karanga na nafaka. Nikamwambia ndiko zinakokwenda. Akatabasamu, akasema yeye alisoma sayansi ya chakula pale SUA, na sasa anafanya kazi maabara nchini Lesotho. Binti akamuuliza wanapima chakula gani huko. Akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hatupimi chakula. Tunapima bangi."

Behewa letu liligeuka. Mzee wa kanzu aliyekaa mbele yangu akashusha gazeti. "Kijana, bangi inapimwa nini?"

"Shikamoo mzee. Inapimwa kila kitu."

Tukasikiliza mpaka tunaingia Pugu. Lesotho ilitoa leseni ya kulima bangi ya dawa mwaka 2017, ikiwa ya kwanza Afrika. Mwaka 2021 mzalishaji mmoja wa huko akapata cheti cha Ulaya cha uzalishaji bora wa dawa, na bila cheti hicho hospitali na famasi za Ujerumani hazigusi mzigo wako. Malawi nayo ilipitisha sheria yake mwaka 2020. Mkulima aliyedhani kazi ni kupanda na kuvuna hukuta kazi kubwa iko kwenye makaratasi na maabara: udongo, maji, mbegu, nani aliingia chumba cha kukaushia na saa ngapi.

Vipimo alivitaja kwa vidole. Nguvu ya kilevi chenyewe. Mabaki ya viuatilifu. Madini mazito, yaani risasi, kadimiamu, zebaki na aseniki, kwa sababu mmea huo hufyonza sana madini kutoka ardhini. Vijidudu. Unyevu. Halafu sumukuvu, ile ile ninayoihofia kwenye karanga. California, alisema, shehena ya bangi ikizidi maikrogramu 20 za sumukuvu kwa kilo haiuzwi.

"Na karanga zetu?" mzee akauliza.

Hapo nilijibu mimi, maana hilo nalijua. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa karanga ni maikrogramu 10 kwa jumla, na ile aina ya B1, iliyo kali kuliko zote, isizidi 5. Kwa hiyo kwenye karatasi karanga zetu zimewekewa kiwango kikali kuliko bangi ya California.

Kaka akatikisa kichwa taratibu. "Kwenye karatasi, ndiyo. Mimi nikienda kwenye kiwanda siulizi cheti kwanza. Nauliza: nani alichota sampuli?"

Akaeleza. Nchi kadhaa zilizohalalisha zimepata tatizo moja: mkulima ndiye anayeilipa maabara, na maabara inayompa namba nzuri ndiyo anayorudi kwake. Mwingine anachagua maua mazuri kuliko yote, anapeleka hayo. Cheti kinatoka safi, mzigo ulioko ghalani ni mwingine. Ndiyo maana California wameweka sheria kwamba mtu wa maabara aende mwenyewe, achote mwenyewe kutoka sehemu mbalimbali za shehena.

Niliitazama ndoo yangu pale chini ya miguu. Niliichota kwa mkono wangu.

Niseme wazi kabla sijaendelea, maana najua maswali yatakuja. Hapa kwetu bangi ni marufuku kwa sheria ya mwaka 2015. Kulima, kumiliki na kusafirisha vyote ni kosa, na hakuna ofisi inayoweza kuipa alama ya ubora. Sipigi debe ibadilishwe. Naandika kwa sababu kaka yule alinipa jicho la kuitazama kazi yangu mwenyewe.

Tulipofika stesheni Dar alitubebea ndoo mpaka nje, tukabadilishana namba. Daladala ya kwenda Tandika ilituchelewesha vibaya: ilipasuka tairi karibu na Chang'ombe, tukasimama juani. Mama muuza maji akamwachia binti kiti chake cha plastiki na kukataa hela ya maji. Kwa shangazi Tandika tulipokewa kwa wali wa nazi, maharage na mchicha. Tulimletea ndizi za Matombo, akafurahi mno.

*Kwa atakayefuata:* tiketi ya treni inataka kitambulisho, na wiki za Sabasaba usingoje siku ya safari. Ndoo ya chakula ifunge vizuri kwa sababu mizigo yote inapita kwenye mashine ya ukaguzi.

Jumamosi, 5 Julai. Viwanja vya Sabasaba

Daladala ya Mbagala, shilingi 600, unashuka getini kwenye Barabara ya Kilwa. Nenda asubuhi. Saa nne tu jua na watu vinakuwa vimeungana.

Uzuri wa maonyesho haya kwa mjasiriamali wa mkoani ni kwamba ofisi ambazo ungezizungukia wiki nzima ziko ndani ya uzio mmoja: TBS, SIDO, BRELA, TRA, na wale wa msimbomilia (barcode). (Bidhaa ya Tanzania namba zake huanza na 620. Kama duka lako lina mashine ya kusoma, utauhitaji.) Banda la SIDO ndilo nililokaa kuliko yote. Mjasiriamali mdogo mwenye barua ya utambulisho ya SIDO huhudumiwa na TBS bila ada ya leseni kwa miaka mitatu ya mwanzo, na nilikutana na akina mama wa Singida na Lindi waliokuwa wamekaa miaka na bidhaa nzuri bila kulijua hilo. Mmoja anasindika mafuta ya alizeti, kwa macho tu unaona ni safi. Aliandika kila kitu kwenye kiganja kwa kalamu kwa kukosa karatasi, binti akachana kurasa za daftari letu akampa.

Njiani kutoka hapo tukapita banda la Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Wanafunzi walikuwa wamejazana. Nilisimama kwa sababu ya ile habari ya treni, nikasikia maelezo yaliyonigusa kama mtu wa chakula: hapa nchini zimewahi kukamatwa biskuti na keki zilizochanganywa bangi. Fikiria hilo. Biskuti haina lebo, haina orodha ya viambato, mtoto anaichukua mezani kama biskuti nyingine yoyote. Canada, ambako bangi ni halali tangu Oktoba 2018, chakula chenye bangi hakiruhusiwi kuzidi miligramu 10 za kilevi kwa pakiti, na pakiti lazima iwe ngumu kwa mtoto kuifungua. Huku kilevi kiko kwenye biskuti ya mtaani na hakuna anayejua ni kiasi gani.

Chakula cha mchana: ugali na samaki wa kukaanga, 5,000 kwa sahani, bei ya maonyesho. Nje ya geti mama lishe anauza wali maharage 2,500, umeiva vizuri. Nendeni nje.

Usiku kaka wa Lesotho alituma ujumbe wa sauti mrefu. Nilikuwa nimemuuliza kama kweli mtu amewahi kufa kwa kukosekana kwa vipimo hivyo. Akanikumbusha Marekani mwaka 2019, ugonjwa wa mapafu uliowapata wavuta sigara za umeme. Mpaka Februari 2020 waliolazwa au kufariki walikuwa 2,807, na waliofariki ni 68. Kilichohusishwa zaidi ni vitamini E asetati, mafuta yaliyotumika kuongeza ujazo wa kimiminika cha bangi, hasa kile cha mitaani. Ukiyala au kuyapaka ngozini hayana shida. Ukiyavuta yanaharibu mapafu. Akanipa na mfano wa dawa ya ukungu iitwayo maiklobutanili, inayotumika kwenye mizabibu. Kwenye zabibu ina kiwango chake kinachokubalika. Kwenye jani linalochomwa moto hutoa sianidi, na Canada waliwahi kurudisha bidhaa kutoka sokoni kwa sababu hiyo.

Shangazi alisikiliza ujumbe wote nami. Akauliza, "Sasa sisi si tulikuwa na ule wa mahindi?"

Alikuwa sahihi. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walianza kuumwa, macho manjano na matumbo kujaa. Waliohesabiwa kuugua ni 68, na 20 walifariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu kwenye mahindi ya nyumbani kwao, yaliyolimwa na kuhifadhiwa na wao wenyewe.

Jumapili na Jumatatu

Jumapili kanisani na kupumzisha miguu. Jumatatu ilikuwa Sabasaba yenyewe, ofisi zimefungwa, viwanjani hapapitiki.

Jumanne, 8 Julai. Ubungo

Kutoka Tandika tulipanda daladala inayofuata Barabara ya Mandela, shilingi 700. Foleni ya Buguruni ilitula karibu saa nzima. Abiria mmoja, kwa nia njema, alituambia tushuke External kwa sababu "mambo ya chakula yako pale". Mama aliyekuwa nyuma akamsahihisha kwa upole. Zamani ilikuwa hivyo, wakati wa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Sheria ya Fedha ya 2019 ilihamisha chakula na vipodozi kwenda TBS, na ofisi ya External ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Huyo mama anatengeneza sabuni za mwarobaini na mwenyewe alishazunguka sana. Alishuka nasi Ubungo japo kituo chake kilikuwa mbele, akatuvusha chini ya daraja la Kijazi mpaka getini, akarudi kupanda gari nyingine. Nauli yake nililazimisha kulipa.

Mapokezi walituelekeza vizuri. Nieleze mlolongo kama nilivyouelewa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukata tamaa kwa kusikia maneno ya mtaani. Maombi yanafanywa kwa mtandao. Jengo lako la uzalishaji linasajiliwa, mkaguzi anakuja kuliona: sakafu, dari, maji, choo kiko wapi, wafanyakazi wamepima afya, nyavu za madirishani, karanga mbichi zisikutane na zilizokaangwa. Kisha anachukua sampuli yeye, zinakwenda maabara, majibu yakikidhi kiwango ndipo leseni inatoka. Na hata baada ya leseni wanaweza kununua bidhaa yako dukani kama mteja yeyote na kuipima.

Niliposikia hilo la mwisho nilimkumbuka kaka wa treni. Sampuli inachotwa na mwingine, na wanarudi tena. Hapo ndipo cheti kinapata uzito.

Ndoo yangu niliilipia kipimo cha sumukuvu kama sampuli binafsi. (Gharama inategemea idadi ya vipimo, uliza bei ya kimoja kimoja kabla ya kukubali, kisha subiri namba ya malipo kwenye simu.) Mtandao wa wakala wa fedha jirani ulikuwa umekatika, tukasubiri mpaka saa nane tukila mihogo ya kukaanga na kachumbari, 1,000 kwa wawili.

Tulipokuwa tunasubiri niliongea na kijana aliyeleta sampuli za unga wa lishe, na yeye akanifundisha jambo la kuchota ambalo wasindikaji wote tunapaswa kulijua. Kuvu haisambai sawasawa. Gunia zima linaweza kuwa safi na punje chache za kona moja zikabeba sumu ya kuchafua kilo nyingi. Ukichota juu tu, umepima bahati. Inatakiwa kuchota juu, katikati, chini na pembeni, kwa kila gunia, uchanganye, usage pamoja, ndipo utoe kiasi cha kupima.

Na kukaanga hakuokoi. Joto la kikaango hupunguza sumukuvu kwa sehemu tu, haliimalizi. Kazi inafanyika kabla: kukausha juu ya turubai na si ardhini, kutolowesha karanga ili zibanguke kirahisi (wanaofanya hivi wako wengi, na kuvu hupenda unyevu), na kuchambua kwa mkono punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu.

Jumatano, 9 Julai. Kariakoo

 Tulikuwa tunatafuta makopo yenye mifuniko ya kukaza na karatasi ya ndani ya kuziba. Kopo la gramu 400 tulilipata kwa 450 ukichukua mia. La bei ya chini lilinuka plastiki tulipolifungua, tukaliacha. Likinuka tupu, siagi itanuka vilevile.

Kwenye duka moja la kuchapa lebo, kijana alituonyesha sampuli nzuri sana, rangi zimekaa sawasawa. Kisha akasema, kama anayeuliza chai iwe na sukari au la, "Na alama ya TBS niweke?"

Nikamwambia leseni sijapata bado.

"Mama, wote wanaweka. Nani ataangalia?"

Binti alinitazama. Nilikataa, nikamweleza kwa nini, bila ugomvi, kwa sababu kijana mwenyewe alionekana hajawahi kuambiwa. Anayenunua siagi ya karanga mara nyingi ni mama anayempakia mtoto mkate wa shule. Ile alama inamwambia kwamba kuna mtu asiye mimi aliyekichungulia chakula hiki kabla ya mtoto wake. Ukiibandika mwenyewe umemtoa yule mtu mlangoni na kujifanya yeye. Ini la mtoto halisomi lebo. Sumukuvu ikiwa kidogo kidogo haiui leo. Ukiila kwa miaka, inaleta saratani ya ini, na mwenye homa ya ini aina ya B yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Hakuna mteja atakayerudi dukani kulalamika, na hapo ndipo inapotisha.

Kijana alinyamaza, akafuta ile alama kwenye kompyuta. Tulichapa lebo chache za muda: jina la bidhaa, viambato, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya bachi, anwani, namna ya kuhifadhi, na onyo kwa wenye mzio wa karanga. Nafasi ya alama tumeiacha wazi.

Chakula cha jioni: mishkaki na ndizi za kuchoma karibu na Msimbazi, 4,000. Nzuri.

Alhamisi, 10 Julai na baada yake

Treni ya kurudi ilikuwa nusu tupu, tulilala njia nzima.

Majibu ya ndoo yamekuja: yamo ndani ya kiwango. Nilishukuru Mungu, lakini nilishajua thamani yake. Siku hiyohiyo tulitoa magunia yote stoo, tukayamwaga juu ya turubai moja baada ya jingine na kuchota upya kama kijana wa unga wa lishe alivyoelekeza. Gunia moja nililonunua kwa dalali lilikuwa na punje za kijivu chini kabisa, upande wa mshono. Kwenye ndoo ya Dar haikuwa imeingia hata punje moja ya hizo, maana nilikuwa nimechota juu.

Mkaguzi amekuja wiki iliyopita. Dada mmoja mtulivu, hakukubali hata soda. Aliangalia choo, maji, mashine, akaagiza nibadilishe meza ya mbao ya kuchambulia niweke ya chuma au vigae. Makopo niliyompangia mezani hakuyagusa. Alikwenda rafu ya nyuma akachukua aliyoyataka, ya bachi tatu tofauti, akayafunga na kuyasaini mbele yangu.

Meza mpya inatengenezwa Msamvu, 180,000. Lile gunia la dalali limefukiwa. Jirani alilitaka kwa ajili ya kuku wake nikamkatalia, kwa sababu sumu hiyo haiishii kwa kuku, inaweza kupita mpaka kwenye mayai. Amekasirika kidogo, tutaelewana. Majibu ya maabara yakitoka nitayaweka hapa, yawe yamekidhi au la, pamoja na namba zake.